Swali la Hakimu Otema

Idara ya Elimu ya Watu Wazima,
Kampala, 8 Aprili 1974

Ndugu Ambroise Bahizire,

Salamu. Jina langu ni Akwero. Mimi ndiye ninayepanga mihadhara ya wazi ya chuo chetu: natafuta msemaji, natafuta ukumbi, naweka viti, na msemaji asipotokea nawaomba watu radhi. Siku hizi kazi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoifanya zaidi.

Barua yako kwa mkuu wa idara ilikuja kwa Kifaransa, naye akaniambia nikujibu kwa Kiingereza. Nimeona afadhali tukutane njiani. Kiswahili changu ni cha kota za polisi. Baba alikuwa sajini, tukalelewa uwanja mmoja Waacholi, Walugbara na Wanubi, na lugha yetu ya kugombania mpira ilikuwa hiyo. Kwa hiyo maneno yakinitoka kombo, usicheke.

Mwaka huu tulipanga mihadhara juu ya mambo matatu: sheria, watu wanaohama, na maisha ya waandishi. Aliyepaswa kusema juu ya sheria ameondoka nchini bila kuaga. Aliyepaswa kusema juu ya wanaohama, naye amehama. Imebaki ya waandishi. Uje utueleze juu ya watu walioandika wakiwa mbali na kwao, nawe ukiwa mmoja wao. Useme kwa Kiswahili. Tangu serikali itangaze kuwa ndiyo lugha ya taifa hakuna anayeweza kunikatalia, na ukumbi utapata watu ambao hawajawahi kuupanda mlima wa chuo chetu: madereva, wachuuzi, Wakongo wanaouza vitenge, wake wa askari.

Mume wangu Otema ni hakimu, na hakuna kitu asichokitilia shaka. Anasema nifikiri vizuri. "Kiingereza," ananiambia, "walau askari hawakisikii." Nimemjibu kwamba askari nao ni watu, wacha wasikie.

Ni Ijumaa tarehe 17 Mei, saa kumi na moja jioni. Utafikia nyumbani kwetu Kisugu. Mama mkwe wangu, Mama Lakot, yuko nasi kwa ajili ya matibabu ya macho, na anapenda wageni kuliko anavyotupenda sisi.

Wako,
Akwero


Nairobi, 19 Aprili 1974

Bibi Akwero,

Naja! Naja hata kama treni itanitupa Tororo nikamalizia kwa miguu.

Umenikumbusha nyumbani. Kule Bukavu Kiswahili ni lugha ya sokoni na kanisani, na ya kumwambia mpenzi maneno ambayo kwa Kishi, lugha ya nyumbani, mama yako angeyasikia. Profesa mmoja wa hapa chuoni ninakofundisha aliwahi kuniambia kwamba mtu hawezi kueleza jambo zito kwa lugha hiyo. Nilimjibu kwa Kiswahili, naye hakuelewa, nikamwacha na ushahidi wake.

Unapotangaza mhadhara andika jina langu lote, Ambroise Bahizire. Unajua kwetu siku hizi jina la ubatizo ni kosa. Mtu akiitwa Ambroise au Emile anaambiwa alitupe achukue la mababu. Mimi la mababu ninalo, na nalipenda. Ila sikubali mtu wa ofisini anivue jina alilonipa mama yangu. Nilikataa, nikapoteza kazi, nikaanza kufuatwa njiani, na ndipo nikavuka mpaka. Kwa hiyo utaniwia radhi nikiwa mkaidi katika jambo hilo dogo.

Mwambie Bwana Hakimu kwamba mimi pia natilia shaka kila kitu, isipokuwa chakula.

Wako,
Ambroise Bahizire


Nairobi, 24 Mei 1974

Shemeji Akwero,

Sasa nakuita shemeji, maana mtu aliyenilaza kitandani kwake mwenyewe, akalala sebuleni na miguu nje ya kiti, huyo ni ndugu yangu.

Nimefika salama, na tumbo bado linaikumbuka ile malakwang ya Mama Lakot. Nimewaeleza wenzangu hapa: mboga chungu iliyopikwa kwa karanga hadi ikasahau uchungu wake. Hawanisadiki.

Lakini nataka kusema juu ya ukumbi ule. Nimesimama mbele ya watu miaka kumi na miwili na sijapata kuona jambo kama lile. Walisimama hadi madirishani. Nilipomaliza nilitegemea maswali ya kawaida, mtu anauliza mwandishi anakula nini. Ndipo Otema akasimama kule katikati, mikono mfukoni, na kusema kwa ile sauti yake ya taratibu:

"Bwana msemaji, umetueleza juu ya mtu aliyefukuzwa nchini kwake. Nieleze juu ya aliyebaki. Mimi ni hakimu. Naletewa sheria iliyotiwa sahihi jana, niitumie kumhukumu mtu kwa jambo alilolifanya juzi. Nikiitumia, bado niko katika nchi niliyoapa kuitumikia? Au nimehama nikiwa nimekaa kitini pangu?"

Kimya kilichofuata mimi nakifahamu. Ndicho mwandishi anachokitafuta maisha yake yote. Halafu yule bwana wa shati la maua aliyekaa nyuma akapiga makofi, peke yake, polepole, huku akicheka kwa furaha. Nilifurahi sana kuona mtu wa kawaida ameelewa. Ningependa kujua ni nani.

Tangu nirudi swali lile halinitoki kichwani. Msalimie mwenye nalo.

Shemeji yako,
Ambroise


Kampala, 3 Juni 1974

Shemeji Ambroise,

Barua yako imefika, imebandikwa kwa gundi vizuri kuliko ulivyoibandika wewe. Posta yetu wanaijua kazi yao.

Mama Lakot anakusalimu. Anauliza kwa nini hukuongeza chakula mara ya tatu.

Otema hajambo, ila ana mafua. Yalimwanza jioni ile ile ya mhadhara, na sauti imekwenda kabisa. Wiki iliyopita aliitwa kwa daktari. Daktari alimuuliza maswali tangu asubuhi mpaka jioni, kisha akamruhusu arudi nyumbani kwa sharti: asiseme, na mtu mwingine asimsemee. Hata kidogo. Amesisitiza kwamba ugonjwa wa namna hii ukirudi mara ya pili, hautibiki.

Wewe ni mtu wa maneno, utanielewa. Mhadhara ulikuwa mzuri. Uache pale ulipolala.

Shemeji yako,
Akwero


Nairobi, 15 Juni 1974

Shemeji Akwero,

Pole sana kwa mgonjwa! Mwambie achemshe tangawizi na malimau, na awafukuze hao madaktari wa mijini wanaomkataza mtu kuongea. Mtu akiwa hana sauti ndipo marafiki wanapopaswa kumwazima zao.

Nami nimemwazima yangu. Fungua gazeti nililoliweka humu, ukurasa wa sita. Nimeandika juu ya ukumbi wenu na watu wenu, na juu ya swali. Mhariri alitaka niseme "hakimu mmoja", nikakataa katakata. Nimesema hapana, mtu huyu ana jina: ni Hakimu Otema Okeny, na mahakama yake naitaja. Nani anayajua mambo ya majina kuliko mimi? Mtu aliyesema neno zuri namna ile asiachwe bila jina kama maiti ya barabarani.

Watu watatu wamenisimamisha njiani kuniuliza habari zake. Akisoma atapona.

Wenu daima,
Ambroise


Kampala, 21 Julai 1974

Bwana Bahizire,

Barua hii inaletwa na Rehemah. Ni Mnubi, tumelelewa naye kota moja, na ana shangazi yake Kibera. Mume wake Kamis ni sajini na anaendesha magari ya jeshi, wanakaa kambini Mbuya. Nakwambia haya ili ujue anachokihatarisha. Kwa kuwa haipiti posta, nitayataja mambo kwa majina yake.

Otema amechukuliwa. Ilikuwa Jumanne tarehe 2 Julai, akiwa kitini mahakamani, anasikiliza kesi ya wizi wa baiskeli. Walikuja watatu. Karani anasema aliwaomba wangoje shahidi amalize. Mmoja akamwambia, "Shahidi atasubiri, mheshimiwa. Ana nafasi kuliko wewe." Wakamtoa kwa mlango wa washtakiwa, wakamtia ndani ya buti ya gari lao mbele ya watu, jua likiwaka. Shahidi alikuwa bado amesimama kizimbani, mkono juu ya Biblia.

Hakuwa na mafua. Yule bwana wa shati la maua uliyefurahi kumwona akipiga makofi ni mtu wao. Alikaa mhadhara mzima akisikiliza lugha anayoielewa, kama nilivyotaka mimi. Siku chache baadaye Otema aliitwa ofisini kwao, huyo ndiye daktari niliyekuandikia. Walimuuliza ni sheria gani ya jana aliyoisema. Akajibu kwamba Kiswahili chake ni cha Kiacholi, kwamba alitaka kuuliza juu ya sheria za Waingereza akashindwa kuyapanga maneno. Alijifanya mjinga mbele yao siku nzima. Otema! Mtu anayenisahihisha hata ninapowaita kuku waje kula. Mwishowe walicheka, wakampa chai, wakamwachia. Walikuwa na neno la mtu mmoja tu dhidi ya lake.

Kisha likaja gazeti. Nairobi mnasahau kwamba hata kama magazeti yenu hayauzwi tena hapa, ofisini kwao yanafika. Na humo ndani maneno ya Otema yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa, hayakukosea hata nukta, na jina lake, na mahakama yake.

Nakala uliyotutumia tuliisoma mezani. Otema aliisoma mara mbili. Akasema, "Ameandika vizuri kuliko nilivyosema." Halafu akaipeleka jikoni akaichoma.

Nilimwambia twende, tuondoke usiku ule. Akasema hakimu akitoroka, kila mtu aliyemfunga ana haki ya kumcheka. Nilimwambia wacheke. Tulinuniana siku mbili juu ya hilo, na nilikuwa bado nimenuna asubuhi aliyoondoka kwenda kazini. Hilo nalo nakwambia ulibebe pamoja nami.

Nimezunguka kila mahali penye mlango. Wote ni wapole, wananiita mama, wananipa kiti. "Hatuna mtu wa jina hilo." Wakili aliyekubali kupeleka ombi la kutaka Otema aletwe mbele ya jaji alilipeleka asubuhi, jioni akaja kunirudishia makaratasi, akalia barazani kwangu kama mtoto. Sikumlaumu.

Wewe sijui kama nakulaumu. Niliandika mafumbo kwa mtu anayeishi kwa mafumbo, nikadhani atayafumbua. Usinijibu kwa posta.

Akwero


Nairobi, 26 Julai 1974

Bibi Akwero,

Sijui nikuite nini. Kwa hiyo nimerudi kwenye jina la mwanzo.

Rehemah alinikuta chuoni, akanipa barua, akakaa kitini mbele yangu nilipokuwa nikisoma. Nilipomaliza nikamwambia nitapanda treni kesho, nitakwenda kwa watu hao niwaambie maneno yale nimeyatunga mimi. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mlevi. Akasema, "Wewe baba, ukienda watakuwa na wawili. Akwero atatafuta wangapi?"

Basi nimefanya niliyoweza hapa. Nimemwandikia mhariri kwamba nilidanganya. Kwamba hakimu yule aliuliza swali la kawaida juu ya sheria za kikoloni, na mimi, kwa kutaka sifa, nikamtilia maneno kinywani. Nimeomba radhi kwa serikali yenu, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumpa mtu yeyote nchini kwangu. Itatoka Jumatatu, na chuo hapa kimeniita kujieleza. Sijali.

Mafumbo yako yalikuwa wazi, Bibi Akwero. Mtoto angeyafumbua. Mimi nilisoma haraka kwa sababu makala ilikuwa imekwisha andikwa, na nilikuwa naipenda.

Ambroise


Nairobi, 30 Septemba 1974

Bibi Akwero,

Rehemah hajaja tena. Shangazi yake wa Kibera hana habari, au ana habari na hanipi. Namtuma mtu anayeaminika na kipande hiki. Nijulishe kama mko hai, neno moja tu, hata likiwa la tusi.

A.


Kitgum, 12 Januari 1975

Bwana Bahizire,

Tuko hai. Niko kijijini kwa mama mkwe wangu pamoja na watoto. Barua hii anaibeba padri.

Kamis alikuja Kisugu mwezi wa kumi na moja, mchana, akiwa na magwanda, bila Rehemah. Alisimama jikoni. Nilimkaribisha kiti akakataa. Akasema, "Shemeji, usitafute tena." Nikamuuliza, "Umemwona?" Akasema, "Nimeendesha gari." Sikumuuliza tena ni gari gani wala lilikwenda wapi. Nadhani angesema, lakini nilimwonea huruma. Huruma, mimi, kwa aliyeendesha gari lile! Mambo haya hayana adabu.

Aliniambia jambo jingine moja. Nimekaa nalo miezi miwili nikijiuliza kama nikupe. Nimeamua una haki nalo.

Ile radhi yako ya gazetini iliwafikia. Ikawapendeza. Walimletea Otema karatasi, aweke sahihi tu kwamba maneno yale hakuyasema, ni uongo wa mgeni adui wa nchi. Walimwambia akitia sahihi atalala nyumbani. Kamis alikuwa mlangoni akasikia. Otema aliisoma karatasi yote, unajua anavyosoma, kisha akasema, "Mwezi wa tano niliwadanganya kwamba swali halikuwa langu. Ni langu." Wakampa tena. Akasema tena.

Kwa hiyo mlango uliufungua, Bwana Bahizire. Yeye ndiye aliyekataa kupita. Mara nyingine nakuonea wewe hasira, mara nyingine yeye. Kuna siku hasira yangu kwake ni kubwa zaidi.

Sasa nina ombi. Hapa hatujamwomboleza. Bila maiti, bila cheti, bila mtu mmoja wa serikali kukubali kwamba alikuwepo, mimi si mjane, ni mke wa mtu ambaye hajarudi. Mama Lakot amekataa kabisa kusikia. Nimemwambia maneno ya Kamis, akasema Kamis ni dereva tu, atajua nini. Kila anayeuliza anaambiwa mwanawe amepata uhamisho, kapelekwa kituo cha mbali. Kukusanya watu ni hatari, na bila mama kulia hakuna wa kuanza.

Nataka umwekee mhadhara huko Nairobi. Wa wazi, wenye tangazo mlangoni. Nilikuomba usimtaje, sasa nakuomba umtaje, kwa sababu hawawezi kumfanya lolote tena. Yusto Otema, mwana wa Okeny, mwana wa Odoch. Watoto na mama wako nami, Kampala imebaki nyuma, kwa hiyo usituhofie.

Lakini usimfanye malaika. Ukimfanya malaika nitajua, na sitakuandikia tena. Sema alikoroma. Sema alikuwa mbishi, na kwamba alipenda kushinda hata akicheza karata na mwanawe wa miaka sita. Na useme hili, ambalo hukulijua ulipoandika makala yako: sheria ile ya jana alikuwa ameshaitumia. Asubuhi ya mhadhara wako alimfunga mzee mmoja mchuuzi, miaka mitano, kwa magunia mawili ya sukari aliyoyaficha kabla kuficha sukari hakujawa kosa. Alirudi nyumbani mchana hakula. Akaniambia, "Leo nimemfunga mtu asiye na kosa, na kila karatasi ilikuwa sawa." Kisha akavaa koti akaja ukumbini kwako. Wewe uliandika kwamba alisimama kama shujaa. Alisimama kama mtu aliyeungua.

Hilo nataka lisemwe. Halafu niandikie ilivyokuwa, ili nimsomee mama.

Akwero


Nairobi, 16 Machi 1975

Bibi Akwero,

Chuo kilininyima ukumbi; wanasema siasa za majirani si elimu. Nilikwenda parokia tatu. Ya tatu ilinipa banda la kufundishia watoto katekisimu, viti vifupi, magoti kidevuni. Nilibandika tangazo mlangoni kwa mkono wangu: "Maisha ya Yusto Otema, Hakimu." Nilidhani tutakuwa kumi. Walikuja hadi wakakaa sakafuni. Wengi ni watu wenu: wanafunzi, wauguzi, afisa mmoja wa zamani wa polisi aliyekaa karibu na mlango na kofia usoni. Adyero, yule binti aliyekuwa karani wenu wa idara, alikuja na mtoto mgongoni.

Nilisema bila kusoma. Nilianza kwa Okeny, baba yake, mchimba visima, na kwa Mama Lakot. Nilisema alizaliwa mwaka wa njaa na kwamba shuleni walimwita Swali. Nilisema juu ya karata, wakacheka. Nilisema nilichofanya mimi, kwa maneno machache, kwa sababu jioni haikuwa yangu. Nikasema jinsi alivyokataa kutia sahihi. Kisha nikasema habari za mzee wa sukari.

Hapo kijana mmoja aliruka juu. "Kwa nini unatuambia hayo? Marehemu hasemwi vibaya!" Watu wakaguna, wengine wakamuunga mkono. Nilikuwa sijajibu. Yule afisa wa polisi akavua kofia akasema, "Kaa chini, kijana. Hapo ndipo nimemjua. Mimi nimekamata wengi kwa karatasi zilizo sawa." Kisha akasema, "Endelea, mwalimu."

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Adyero alisimama akasema, "Na mimi nina kaka yangu," akamtaja jina na baba yake, na mahali walipozaliwa. Akakaa. Muuguzi mmoja akamtaja mumewe. Halafu wakaendelea, mmoja mmoja, hakuna aliyewaongoza, mpaka padri alipokuja na funguo akatukuta bado tunataja, naye akakaa kwenye kiti cha mtoto akasikiliza.

Hakuna nilichoandika gazetini. Nimekuandikia wewe tu, na majina yote yaliyotajwa yako nyuma ya karatasi hii.

Ambroise Bahizire


Kitgum, 20 Aprili 1975

Shemeji Ambroise,

Barua imefika Jumapili baada ya misa. Nilimwita Mama Lakot tukakaa mbele ya jiko, nikaanza kumsomea, Kiswahili nikikigeuza Kiacholi nikiwa naenda. Alikuwa anapepeta ufuta, wala hakuacha.

Nilipofika kwenye kuzaliwa kwake akanikatiza. "Si mwaka wa njaa. Ni mwaka wa nzige. Huyo Mkongo hajui kitu. Wa njaa alizaliwa dada yake." Nikasema nitamwandikia arekebishe. Akasema, "Mwandikie." Kwa hiyo nakuandikia: ni mwaka wa nzige.

Nikaendelea. Kwenye karata alicheka kidogo. Kwenye mzee wa sukari akaniuliza, "Ni kweli hakula?" Nikasema ndiyo. "Kutwa nzima?" Kutwa nzima. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ungo.

Nilipofika kwa wale watu waliosimama kuwataja wapendwa wao, niliwasoma polepole, jina kwa jina, mpaka nikamaliza. Nikaikunja barua. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Akaniuliza, "Na watu wale wote, walikaa mpaka mwisho? Kwa ajili ya Otema?" Nikamwambia walikaa mpaka padri alipoleta funguo.

Akauweka ungo chini, taratibu, ufuta usimwagike. Akasimama, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akatoka nje ya nyumba. Na hapo uwanjani, jua likiwa kichwani, akapiga ukelele. Sijawahi kumsikia mama yule akipaza sauti hata siku moja. Ulikwenda mpaka mtoni. Nilitaka kumkimbilia nimzibe mdomo, maana kambi ya jeshi haiko mbali. Kisha nikasikia kwamba nami nimeanza.

Walikuja. Wa kwanza alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, jembe begani, udongo bado umemganda magotini. Wakafuata wengine, wanawake wakifungua vitambaa njiani, wanaume wakiburuta kuni. Walikaa uwanjani pamoja nasi mpaka giza, wakalia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyekufa.

Shemeji yako,
Akwero